Rangi za Maji Bila Madoa: Mwongozo Kamili wa Kutandaza Rangi na Kujaribu Mbinu Zake

Anayejifunza kuchora kwa rangi za maji hukwama karibu kila mara palepale. Anga aliyotaka iwe laini inatoka na mistari. Sehemu aliyoigusa tena ili "airekebishe kidogo" inaota doa lenye kingo za meno meno. Rangi tatu nzuri zikikutana zinageuka tope. Basi analaumu mkono wake, au anakwenda kununua brashi ya bei kubwa zaidi.

Mara nyingi mkono hauna kosa. Kilichoharibika ni hesabu ya maji: yaliyoko kwenye karatasi na yaliyoko kwenye brashi hayakupatana. Tutaishughulikia hesabu hiyo kwanza, kisha tuingie kwenye majaribio. Chumvi, nta na brashi kavu hazitakutii kama hujui karatasi yako ina unyevu kiasi gani wakati unapozitumia.

## Vifaa

Karatasi. Hapa ndipo pa kuweka pesa yako. Chukua karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, na mfuko ukiruhusu iwe ya pamba asilimia 100. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ni ya gramu 80 hivi. Ikilowa inajikunja, maji yanatuama kwenye mabonde, na hakuna ustadi utakaoiokoa. Karatasi ya rangi za maji hutiwa gelatini au wanga ili isinywe maji papo hapo, na ndiyo maana inakupa muda wa kufanya kazi. Uso wake huja wa aina tatu: laini, wenye vinyweleo vya wastani, na wa kukwaruza. Anza na wa wastani.

Brashi. Mbili zinatosha: moja bapa yenye upana wa milimita 25, na moja ya duara, namba 10 au 12, yenye ncha inayojirudisha ikilowa. Brashi ndogondogo ziweke kando kwa sasa. Hazibebi maji ya kutosha, kwa hiyo utalazimika kuchovya mara nyingi, na kila unapochovya unaacha mstari.

Rangi. Tano zinatosha kabisa. Kwenye tyubu tafuta namba ya rangi iliyoandikwa kwa herufi ndogo, kwa sababu majina ya kibiashara hubadilika lakini namba haibadiliki. Chukua ultramarini (PB29), buluu ya fthalo (PB15), nyekundu ya waridi (PV19), njano ya limau (PY3) na kahawia ya siena iliyochomwa (PBr7).

Namba hizo si pambo. Mwaka 1887 Mmarekani Winslow Homer alichora picha ya rangi za maji iitwayo *For to Be a Farmer's Boy*. Anga lake leo ni jeupe. Wataalamu wa makumbusho ya Art Institute of Chicago waligundua kwamba lilikuwa na wekundu uliopauka kwa mwanga. Ukiona PR83 kwenye tyubu, ambayo ni alizarini ya kizamani, ujue ni rangi inayopauka. PV19 inafanya kazi hiyo hiyo na inadumu.

Vingine. Sahani nyeupe ya kuchanganyia, vyombo viwili vya maji (kimoja cha kuoshea brashi, kingine cha maji safi), kitambaa cha pamba au tishu, ubao bapa, tepu ya karatasi, penseli, sponji, chumvi na mshumaa mweupe.

## Hatua ya 1: Funga karatasi kwenye ubao

Bandika karatasi kwa tepu pande zote nne, tepu ishike karatasi kwa upana wa nusu sentimita au zaidi kidogo. Bonyeza kwa kucha ili maji yasipenye chini.

Karatasi ikiwa nyembamba kuliko gramu 300, inyooshe kwanza. Izamishe kwenye maji baridi kwa dakika 5 hadi 10, ilaze ubaoni, kisha uibane kwa tepu ya karatasi yenye gundi ya kulowesha. Acha ubao umelala mpaka karatasi ikauke yenyewe. Nyuzi zake zimevimba kwa maji, na zinapokauka zinasinyaa na kujikaza. Ukiisimamisha ukutani, maji yatashuka upande mmoja, nayo ikauke vibaya.

*Onyo:* usishike uso wa karatasi kwa vidole vilivyopakwa mafuta. Mahali uliposhika patakataa rangi, na hutapaona mpaka umekwisha kuipaka.

*Umefanikiwa kama* karatasi imekaza, haina wimbi hata ukiitazama kwa pembeni.

## Hatua ya 2: Jifunze kusoma mng'ao

Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Usiiruke, hata kama umekuwa ukichora kwa muda mrefu.

Lowesha karatasi kwa maji matupu, kisha inamisha kichwa uitazame kwa pembeni, kuelekea dirisha au taa. Itapita katika hali nne.

Kwanza dimbwi: maji yanatembea ukiinamisha ubao. Rangi ukiidondosha hapa inaelea na kwenda itakako.

Pili mng'ao kamili: uso unaakisi mwanga wote, lakini maji hayatembei tena. Rangi inatawanyika kwa ulaini, kingo zake zinapotea.

Tatu mng'ao hafifu: uwazi umeondoka, umebaki mmeto kidogo, na vinyweleo vya karatasi vimeanza kuonekana. Rangi nzito hapa inakaa karibu na pale ulipoiweka, ila kingo zake zinabaki laini. Ni hali nzuri kuliko zote na ndiyo ya hatari kuliko zote.

Nne unyevu wa ndani: karatasi inaonekana kavu, lakini ukiweka mgongo wa mkono karibu kuigusa unasikia ubaridi. Maji yangali ndani yanavukizwa. Usiguse kitu.

Sasa kanuni yenyewe: *brashi isiwe na maji mengi kuliko karatasi*. Ukiweka brashi yenye maji mengi juu ya sehemu iliyoanza kukauka, maji mapya yanakimbilia pakavu na kusukuma chembe za rangi mbele yao. Yakifika mwisho wa nguvu yanaziacha kwenye ukingo. Doa lile la meno meno linatokana na hilo tu.

Fanya zoezi hili kabla ya kuendelea. Chora kwa penseli miraba sita iliyopangwa mstari mmoja, kila mmoja wa sentimita 5. Ilowesha yote kwa wakati mmoja. Dondoshea tone la ultramarini kwenye mraba wa kwanza papo hapo, kisha kwenye unaofuata kila baada ya dakika moja, na chini yake uandike ulichokiona: dimbwi, mng'ao kamili, hafifu, baridi. Tone la kwanza litasambaa mpaka lijaze mraba. Katikati ya mstari utaona matone yenye kingo za manyoya. Mwishoni utapata ama doa la meno meno, ama duara lenye ukingo mkali. Kipande hicho usikitupe. Ni ramani ya karatasi yako, katika hewa ya chumba chako. Hewa ikiwa kavu, au feni ikiwaka, hali ya tatu inaweza kupita ukiwa bado unachovya brashi.

## Hatua ya 3: Changanya rangi ya kutosha

Changanya mara mbili ya unayodhani utahitaji. Ikikuishia katikati ya anga, huwezi kurudia rangi ile ile kabla karatasi haijakauka, na hapo mstari umeshajichora.

Weka maji kwanza kwenye sahani, kisha ingiza rangi kidogo kidogo. Mchanganyiko wa kutandaza unatakiwa utiririke ukiinamisha sahani, usiache uji nyuma yake. Ujaribu kwenye kipande cha karatasi ile ile na ungoje ukauke. Rangi za maji hupauka zinapokauka, kwa hiyo iliyokupendeza ikiwa mbichi itakuvunja moyo ikikauka. Ifanye iwe kali kidogo kuliko unavyotaka.

Kuhusu tope: usichanganye zaidi ya rangi mbili kwa mara moja, au tatu kwa shida. Kila rangi inameza sehemu ya mwanga. Kadiri unavyoongeza ndivyo mwanga unaorudi machoni unavyopungua. Soma tyubu pia, kwa maana baadhi ya rangi tayari ni mchanganyiko wa namba mbili tatu, na ukichanganya mbili za namna hiyo una rangi nne hadi sita bila kujua. Ukitaka kijivu kizuri, changanya ultramarini na siena iliyochomwa. Ukiongeza ya kwanza kinapoa, ukiongeza ya pili kinapata joto.

## Hatua ya 4: Tandaza tabaka tambarare

Inua ukingo wa juu wa ubao kama sentimita 5. Mteremko ndio unaofanya kazi hapa. Brashi inaelekeza tu.

1. Jaza brashi bapa rangi. Vuta mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia juu kabisa, bila kusita. Chini ya mstari huo patakusanyika ukingo wa maji uliovimba. Huo ndio unaoulea mpaka mwisho.

2. Chovya tena. Vuta mstari wa pili ukigusa ule uvimbe tu, bila kupanda juu yake. Maji yatashuka yenyewe na kujiunga na mstari mpya.

3. Endelea hivyo hivyo hadi chini. Uvimbe ukitoweka, brashi yako ina maji machache. Ukianza kutiririka, yamezidi.

4. Mwisho, kausha brashi kwenye kitambaa, kisha uguse uvimbe uliobaki chini kwa ncha yake. Brashi itaunyonya. Ukiuacha, maji yatapanda kurudi juu karatasi inapokauka, na utapata doa ukiwa umeshaondoka mezani.

5. Ondoka. Acha ubao kwenye mteremko ule ule.

*Onyo:* ukiona kasoro katikati ya kazi, iache. Mwenye haraka ya kurekebisha ndiye anayetengeneza madoa mengi. Kasoro ndogo kwenye tabaka lenye maji mara nyingi hujifuta yenyewe. Iliyoguswa katika hali ya tatu haifutiki.

*Umefanikiwa kama*, likikauka, huwezi kuonyesha mstari wa kwanza uliishia wapi. Ultramarini ikionekana na chembechembe usihangaike. Chembe zake ni nzito, zinatua kwenye vinyweleo vya karatasi. Ni tabia yake, na kwa mawingu ya mvua ni neema. Ukitaka uso usio na chembe, tumia buluu ya fthalo.

## Hatua ya 5: Fanya rangi ififie

Kazi ni ile ile, isipokuwa baada ya kila mstari unapunguza rangi na kuongeza maji safi. Makosa hapa ni mawili. Moja ni kuruka kutoka rangi kali hadi maji matupu kwa mkupuo, na mpaka ukaonekana. Jingine ni kuosha brashi kisha kuirudisha imejaa maji tele, na maji hayo yakapanda juu kula rangi. Kila ukiosha, pitisha brashi kwenye ukingo wa chombo mara moja kabla ya kurudi.

Ukitaka njia rahisi, lowesha nusu ya chini kwa maji safi hadi ifike mng'ao kamili, kisha shuka na rangi kutoka juu, uiache ijimalize yenyewe kwenye maji.

## Hatua ya 6: Rangi juu ya karatasi iliyolowa

Hapa ndipo mawingu, ukungu na vivuli laini vinapatikana. Lowesha sehemu mara mbili, ukingoja kidogo katikati ili maji yaingie ndani na sio kubaki juu tu. Subiri dimbwi liishe. Katika mng'ao kamili weka rangi za jumla. Mng'ao ukififia, weka rangi nzito za mwisho: brashi iwe na rangi nyingi na maji machache, karibu na uzito iliotoka nao kwenye tyubu.

Wengi hufanya kinyume. Wanaanza na rangi nzito, na karatasi inapokauka wanaongeza maji ili "kulainisha". Mpangilio wenye usalama ni mmoja: karatasi ikizidi kukauka, brashi nayo izidi kukauka.

*Umefanikiwa kama* kingo ni laini, lakini umbo ulilokusudia bado linatambulika. Likipotea kabisa, uliwahi.

## Hatua ya 7: Tabaka juu ya tabaka

Ngoja tabaka la kwanza likauke kabisa. Jaribu kwa mgongo wa mkono. Ukisikia ubaridi, ngoja. Ukitumia draya ya nywele, iweke mbali na uanze pale tu mng'ao ulipoisha, la sivyo upepo utasukuma rangi.

Tabaka la pili liwe jepesi na lipakwe mara moja, bila kusugua. Rangi za maji zimeshikwa na gamu arabiki, yaani utomvu wa mti, ambayo huyeyuka tena ikilowa, kwa hiyo ukirudia rudia brashi utakuwa unaamsha tabaka la chini. Rangi za chembe ndogo zinazong'ang'ania karatasi, kama fthalo, zinavumilia kufunikwa. Ultramarini inaamka haraka. Kwa hiyo, ukiwa na hiari, fthalo itangulie.

Njano iliyokauka chini ya waridi jembamba inatoa rangi ya chungwa yenye uhai kuliko ile ya kuchanganya sahanini. Ijaribu kwenye kipande utofautishe kwa macho yako.

## Majaribio

Chumvi. Inyunyize mng'ao unapokaribia kufifia. Kila punje inanyonya maji na kuacha nyota nyeupe pembeni yake. Mapema mno, inayeyuka na kutawanyika; kwa kuchelewa, haifanyi lolote. Punje kubwa zinatoa nyota kubwa. Usikaushe kwa draya, na usizipanguse mpaka karatasi ikauke kabisa. Ni mbinu tamu na ndiyo sababu inachosha upesi: picha yenye chumvi kila pembe inaonyesha chumvi tu.

Nta. Sugua mshumaa mahali unapotaka pabaki peupe, kisha pitisha rangi. Nta inakataa maji, lakini inashika vilele vya vinyweleo tu, kwa hiyo weupe unatoka umekatikakatika, unaofaa sana kwa mmeto wa maji au gome la mti. Mchoraji Mmarekani John Singer Sargent aliitumia kwenye rangi zake za maji. Kumbuka haiondoki, ukishasugua umeamua.

Brashi kavu. Chovya kwenye rangi nzito, kisha kamulia brashi kwenye kitambaa. Ilaze karibu sambamba na karatasi iliyokauka na uipitishe upesi. Kwenye karatasi laini haitoi kitu cha maana.

Kuinua rangi. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema. Kwenye karatasi yanazoleka, ila uwahi. Rangi ikiwa mbichi, gusa kwa tishu kavu au brashi iliyokamuliwa na utapata wingu jeupe. Geuza tishu kila unapogusa, la sivyo unairudisha rangi. Ikishakauka, lowesha kwa brashi safi, subiri sekunde chache, kisha ubonyeze tishu bila kusugua. Ultramarini itatoka kwa kiasi kikubwa. Fthalo itakuachia alama.

Kukwaruza. Picha ikikauka kabisa, ncha ya wembe inaweza kuchuna mmeto mdogo, kama mwanga kwenye wimbi. Mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner alifanya hivyo. Iache iwe jambo la mwisho, kwa sababu uso uliochunwa ukipakwa rangi unainywa na kutoa doa jeusi.

## Kujifunza kwa waliotangulia bila kuiga kila kitu

Ukikosa la kuchora, chukua picha ya bwana mmoja na uulize swali moja tu: karatasi ilikuwa katika hali gani alipoweka rangi hii? Tazama *The Blue Rigi, Sunrise* ya J. M. W. Turner ya mwaka 1842. Mlima ule wa buluu umelala juu ya mwanga wa njano wa mapambazuko. Usinakili picha nzima. Kata karatasi ya ukubwa wa kiganja, tandaza njano inayofifia, ikauke, kisha shusha mlima kwa tabaka moja la buluu. Mbinu mbili, hatua ya 5 na ya 7, basi.

Kisha geukia upande wa pili: sungura wa mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer wa mwaka 1502. Kuna tabaka laini chini, na juu yake nywele moja moja kwa brashi ya ncha kali, nyingine kwa rangi nyeupe nzito isiyopitisha mwanga. Chagua sikio moja tu. Utaona upesi kwamba nywele zinakaa tu pale ambapo tabaka la chini limekauka kikweli.

Nyuma ya kila jaribio andika kwa penseli namba za rangi, aina ya karatasi, na hali ya mng'ao ulipoanza. Doa la meno meno likitokea mahali pazuri, utataka kujua ulilipataje.